Mchicha Umekosa Nini?

Msomaji, nakuomba uniambie mchicha umekosa nini hata ukang'olewa kama gugu. Katika bustani za shule zetu nyingi huota wenyewe bila kupandwa. Mwanafunzi huamriwa aung'oe na kuutupa nje ya ua, ili mahali pake ipandwe saladi. Saladi ikistawi hupelekwa mezani kwa wageni, nao husifu ustaarabu wa shule.

Mimi sina ugomvi na saladi. Ni mboga safi, nayo huburudisha kinywa siku ya jua kali. Lakini sifa ya kujenga mwili imepewa bila haki. Aina ile inayofumbata majani yake kama kabichi, katika kila gramu 100 ina maji zaidi ya gramu 95. Kilichobaki ni haba: kalsiamu miligramu 18 hivi, chuma kisichofika nusu miligramu, na vitamini C isiyozidi miligramu 3. Mchicha mbichi wa uzito huo huo una kalsiamu zaidi ya miligramu 200, chuma zaidi ya miligramu 2, na vitamini C zaidi ya miligramu 40.

Yuko atakayenijibu kwamba saladi huliwa mbichi, hali mchicha hupikwa, na moto huharibu vitamini C. Ni kweli. Lakini mchicha hata ukipoteza nusu ya vitamini hiyo sufuriani, nusu iliyosalia huishinda saladi mara saba. Nakiri pia kwamba mwili haupati kalsiamu yote ya mchicha, maana majani yake yana asidi inayoizuia. Hasara iliyo kubwa zaidi twajiletea wenyewe: twachemsha mboga kwa maji tele, kisha maji hayo twayamwaga!

Bibi zetu hawakulijua neno vitamini, lakini upishi waliujua. Pwani mchicha hutiwa tui la nazi. Magharibi mwa nchi, mnavu na mgagani, ambazo wengi huziita managu na saga, hutiwa maziwa. Majani ya kijani kilichokoza yana kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, nao haukipokei vema pasipo mafuta. Mtoto anayeikosa vitamini hiyo huanza kwa kutoona vema wakati wa magharibi, na huenda akaishia kupofuka. Sasa majani yawezayo kumkinga twayaita mboga ya maskini, nasi twamnunulia majani meupe yaliyojaa maji!

Mwaka 2021 UNESCO iliingiza kazi ya Kenya ya kukuza vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Wageni wametusifu kwa mboga tunazoona haya kuwaandalia. Nataka tuta la mchicha liandikwe katika ratiba ya kilimo ya kila shule kando ya tuta la saladi, na mgeni ajapo aandaliwe sahani zote mbili, ule wa nazi ukiwa bado moto.