Turbo haili mafuta, mguu wa dereva ndio unaokula

MFANYABIASHARA anayekodi Fuso kuleta machungwa kutoka Mkuranga hadi soko la Temeke Stereo hulipia pia moshi. Sehemu ya fedha anayotoa huishia kwenye ekzosi ikiwa moshi mweusi, yaani dizeli iliyonunuliwa na isiyofanya kazi. Hasara hiyo imo ndani ya nauli ya mzigo, na nauli ikipanda, bei anayopewa mkulima shambani ndiyo inayopunguzwa kwanza.

Katika magereji mengi ya Temeke na Kinondoni lawama huangukia turbo. Husemwa kwamba "turbo inakula mafuta", na ikiharibika wako mafundi wanaoshauri itolewe kabisa. Gazeti hili linaona ushauri huo unawatia hasara wenye malori na wateja wao.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha ya kwanza, na ya pili husukuma hewa ndani ya injini. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na kanuni yake haijabadilika. Moshi ukiwa mwingi na wa moto, feni huenda kasi, hata zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika. Ukiwa haba, feni huzubaa. Turbo haichoti kitu kwenye tangi. Inafuata kazi ambayo injini imepewa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Dereva akikanyaga nusu, si lazima apate nusu ya msukumo wa turbo. Fuso tupu linalorudi Mkuranga kwenye tambarare, mguu ukigusa pedeli kidogo, hupata msukumo hafifu. Lori hilohilo likijaa machungwa na kukuta mwinuko, injini ikizunguka kwa kasi ileile, msukumo huwa mkubwa kwa kuwa dizeli inayoungua ni nyingi. Magari ya petroli, kama Subaru Forester za turbo zilizojaa jijini, yana kilango cha hewa kinachofuata pedeli. Kikifunguka kidogo tu, presha ya hewa inayoingia kwenye injini huwa chini ya ile ya nje, hata kama feni inazunguka. Mwenye Forester aliyekwama kwenye foleni ya Mbagala karibu haitumii kabisa turbo anayoilaumu kila akifika kituo cha mafuta.

Hasara kubwa inatokana na pupa. Lori likiwa gia ya juu na injini inazunguka polepole, dereva akikandamiza pedeli mpaka chini, dizeli hufika papo hapo lakini hewa huchelewa, kwani feni inahitaji muda kushika kasi. Dizeli iliyokosa hewa haiungui yote. Dawa yake ni kushusha gia mapema, kisha kukanyaga taratibu. Watengenezaji wa pampu za zamani walilijua hilo, ndiyo maana pampu nyingi za injini za turbo zina kifaa kinachounganishwa kwa mpira mwembamba, kinachozuia dizeli nyingi isitoke kabla hewa haijafika. Fundi anayekichokonoa ili "kuongeza nguvu" anamuuzia mwenye gari moshi, tena kwa bei nzuri. Mpira huo ukipasuka, gari huwa zito, na dereva huzidi kukanyaga bila kujua tatizo liko wapi.

Kutoa turbo hakuponyi lolote. Pampu iliyopimwa kwa injini ya turbo huendelea kutoa dizeli ya kazi kubwa wakati hewa imepungua. Ikipimwa upya, lori halibebi tena kama zamani. Anayefuata nyanya Iringa ataumia zaidi, maana huko juu, mita zipatazo 1,600 kutoka usawa wa bahari, presha ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na Dar es Salaam, na mlima Kitonga upo palepale. Kinachoua turbo mara nyingi ni oili chafu na kuzima injini ghafla baada ya kupanda mlima na mzigo. Dakika 2 au 3 za kuacha injini ingurume hutosha kuipoza.

Bei kikomo ya dizeli hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwenye Canter moja hana la kuifanya. Mguu wa dereva anaweza kujadiliana nao. Lakini dereva anayelipwa kwa idadi ya tripu ana sababu gani ya kujali moshi? Wenye malori wajaze tangi kabla na baada ya safari, waandike lita kwenye daftari, na kinachookolewa wagawane na dereva. VETA nayo iwafundishe madereva wa malori kuendesha injini za turbo kwa vitendo, wakiwa na mzigo.

Mfanyabiashara naye, kabla ya kukabidhi kitangulizi, amwombe dereva aondoke mbele yake lori likiwa limebeba. Moshi mweusi ukipungua baada ya sekunde chache, hilo ni la kawaida. Ukiendelea hadi kona ya pili, atafute lori jingine, au ashushe bei.