Mpangaji Hapangi Sheria
Wacheni kulia kila YouTube inapofuta video zenu. Nyumba si yenu. PeerTube ipo tangu 2018, programu huria ya shirika la Kifaransa, Framasoft. Unaiweka kwenye seva yako mwenyewe. Ndio, seva hulipiwa, lakini funguo unashika wewe.

Kinachotushinda ni uoga wa ile skrini nyeusi. Amri moja inapandisha video bila brauza. Nyingine, prune-storage, inafagia faili zilizobaki yatima, diski isijae. Eti hiyo ni kazi ya mainjinia? Na *144# unayobonyeza kuangalia salio ni nini, kama si amri?

Video za maandamano ya Juni 2024 mmezihifadhi kwa nani? Akibadilisha kufuli, watoto wenu mtawaonyesha nini?