Ada Moja, Mapato Mawili

Wengi wetu, tusikiapo neno ubaguzi, hutafuta mara moja sheria mbaya au mtu mwovu. Tusipoviona, huridhika kwamba haki ipo. Ningependa ndugu wasomaji waangalie yaliyowapata wanawake madaktari wa upasuaji katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, ambako sheria ni njema na bado wamepunjika.

Huko daktari wa upasuaji kwa kawaida halipwi mshahara wa mwezi. Serikali ya jimbo humlipa ada kwa kila kazi aliyoifanya, na orodha ya ada ni moja; haiulizi kama aliyeshika kisu ni mwanamume au mwanamke. Ingetarajiwa basi kwamba mapato yao yangelingana. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliochunguza operesheni zaidi ya milioni 1.5 zilizofanyika kati ya 2014 na 2016, ulionyesha kwamba kwa kila saa ya kupasua wanawake walipata pungufu kwa asilimia 24. Je, walikuwa wazito wa mikono? La hasha. Katika operesheni za kawaida walitumia muda uleule waliotumia wanaume. Tofauti ilikuwa katika aina ya kazi: zenye ada ndogo ziliwaangukia zaidi wanawake, zenye ada nono ziliwaendea wanaume.

Nani hugawa kazi hizo? Mgonjwa hupelekwa kwa mpasuaji kwa rufaa ya daktari mwingine, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Utafiti mwingine, wa mwaka 2022, ulipitia rufaa karibu milioni 40 za tangu 1997 hadi 2016. Katika kila wapasuaji 100, wanaume walikuwa kiasi cha 78. Madaktari wanawake walipotoa rufaa, 79 katika kila 100 zilikwenda kwa wanaume, yaani karibu sawa na idadi yao. Madaktari wanaume walipotoa, zilifika 87. Zaidi ya hayo, katika rufaa zilizowafikia wanawake, chache zaidi ndizo zilizohitaji operesheni. Pengo hilo halikufifia ingawa wanawake waliendelea kuongezeka katika fani hiyo.

Siamini kwamba madaktari hao walikaa kikao ili kuwanyima dada zao riziki. Nadhani kila mmoja aliandika jina lililomjia kwanza: la rafiki, la aliyesoma naye, la yule aliyezoea kumwona kuwa ndiye mpasuaji. Barua moja ya namna hiyo haina kosa. Mamilioni yake ni dhuluma, na hakuna wa kushtakiwa.

Huenda mtu akajitetea kwamba alimtakia mgonjwa wake usalama. Utetezi huo nao umepimwa. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya milioni 1 wa jimbo hilohilo, uliowafuatilia kwa mwaka mzima baada ya operesheni. Waliopasuliwa na wanawake walipatwa na vifo na madhara machache zaidi, hata baada ya hali za wagonjwa na za madaktari kuzingatiwa. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kudai kwamba kila mwanamke ni stadi kuliko kila mwanamume. Linatosha kuuondoa udhuru.

Wapo miongoni mwetu wanaokaa katika bodi za hospitali na kamati za afya. Wakiambiwa kwamba kanuni za kazi ni sawa kwa wote, wasiishie hapo. Waombe kuona ratiba ya chumba cha upasuaji kwa mwaka mmoja, nani alipangiwa operesheni ipi, na nani aliyepanga. Ipo pia njia nyepesi: rufaa ziandikwe kwa idara badala ya kwa jina la mtu, wagonjwa wawekwe katika orodha moja, na kila mmoja apokewe na mpasuaji mwenye ujuzi unaohitajika ambaye zamu yake imefika.