"Wetu keshamaliza chanjo Maskati"

Likizo tukishuka Unguja au Mombasa, wapita nyumba kwa nyumba na matone ya polio wakipiga hodi, jibu letu ni hilo hilo. Jamani, tusijidanganye. Mwaka 1988 na 1989 Oman yenyewe ilipata watoto 118 waliopooza, wakiwemo waliomaliza dozi zao. Na 2022 Malawi, jirani wa Tanzania, ilitangaza mtoto aliyepoozeshwa na kirusi chenye asili ya Pakistan. Huko mbali, eti? Matone ya ziada hayamdhuru mtoto aliyekwisha kuchanjwa. Kupooza ndiko kusikokuwa na dawa. Kadi ya chanjo itieni mkobani, na bibi akiwafungulia mlango wahudumu, mwacheni mtoto afungue mdomo.