MASAA MAWILI KWA NANI?



Katika somo la jeografia, sisi wa darasa la nne tuliulizwa: toka hapa Lubumbashi mpaka Kinshasa ni mbali namna gani? Tulipima kwenye karte, tukapata karibu kilometa 1,570 kwa njia ya hewa. Mmoja wetu akasema: «Ni masaa mawili.» Mwingine, anayekaa nyuma, akasema: «Ni siku 23.» Darasa zima likacheka. Leo tunaandika juu ya kicheko kile, kwani kilikuwa kibaya.

Wa kwanza hakudanganya. Ndege kubwa inakwenda kama kilometa 800 kwa saa moja, basi masaa mawili na kidogo yanatosha. Tena saa za ukutani zinadanganya wengi: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Anayeondoka kule saa 8 ya asubuhi anafika hapa saa 11 imekwisha kupita, na akirudi atazani ameruka saa moja tu. Ni vizuri kuyajua hayo.

Lakini wa pili alikuwa anahesabu safari ya yaya yake. Mama yao alipofariki, habari ilifika Kinshasa kwa telefone siku ileile. Yaya ni mwanafunzi, na bei ya tike ya ndege ilipita nguvu za jamaa yote. Alipanda mashua, akapandisha mto Kongo, kisha Kasai, mpaka Ilebo. Pale akangojea treni. Alifika siku ya 23. Matanga ilikuwa imekwisha, watu wamerudi kwao. Alikuta kaburi tu.

Sisi tunasema wote wawili walijibu sawasawa. Kilometa ni zilezile, lakini umbali si mmoja kwa mwenye feza na kwa asiye nazo.

Angalieni tena karte. Reli ya Matadi ilifika Kinshasa mwaka 1898. Reli ya kwetu Katanga ilifika Ilebo mwaka 1928, wakati ule mji ukiitwa Port-Francqui. Katikati ya Ilebo na Kinshasa, karibu kilometa 580 kwa hewa, reli haikutandikwa hata leo. Ndege inapita juu ya tundu lile, na aliye ndani yake halioni. Ndiyo sababu tunaogopa: wenye kuamua mambo ya njia wakisafiri kwa ndege siku zote, nani atawakumbusha?

Wengine watasema: «Wapunguze bei ya ndege, inatosha.» Itasaidia, hatukatai. Lakini ndege haisimami kijijini kupakia mihogo na mahindi, wala haichukui mgonjwa wa kando ya njia.

Basi tunaomba mambo mawili. Kwanza, mtu akituambia umbali, aseme pia ni kwa chombo gani na kwa bei gani. Pili, mwenzetu asichekwe juu jamaa yake haijapanda ndege. Sisi tuliocheka tumekwisha kuomba samahani. Na wale kati yetu watakaokuwa maenjinia wasisahau kilometa 580 zile.

Mwenye mawazo mengine aandike. Tutayasoma.

Wanafunzi wa darasa la nne