Samaki wa mawe si wa kuuza mtandaoni

Ukiagiza ngege wa kukaanga pale kibandani, na ugali na sukumawiki kando, pengine unachowaza ni bei tu. Sawa, maisha ni magumu. Lakini jua kwamba ukoo wa huyo samaki ulikuwa hapa kabla ya mwanadamu kuwepo. Katika Milima ya Tugen, kaunti ya Baringo, watafiti walichimbua visukuku vya samaki wa jamii ya tilapia walioishi miaka milioni 12.5 iliyopita. Mmoja wao alitangazwa mwaka wa 2019 kwa jina la Oreochromimos kabchorensis. Hilo neno la pili linatokana na Kabchore, mahali alipopatikana. Kijiji cha Baringo kimo katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima, na wewe na mimi hatukufunzwa hilo shuleni.

Najua unachotaka kuuliza: "Na hiyo itanilipia rent?" Tulia, tutafika huko.

Kwanza ingia mtandaoni utafute samaki wa mawe wanaouzwa. Utawapata wa kutoka Moroko, Brazil, Madagascar na Marekani, wamepangwa kama viatu vya mtumba. Wale wa kawaida bei yao si mbaya. Wale adimu, waliokamilika kuanzia mdomo hadi mkia, mtu anaweza kutoa doo ya kununua gari. Kuna watu wazima huko ng'ambo ambao hasla yao ni hiyo tu. Na pale soko lilipo, hakosi kijana wa kijijini mwenye sururu na tumbo tupu.

Sisemi kila anayekusanya visukuku ni mwizi. Jimbo la Wyoming, Marekani, lina mawe yaliyojaa samaki wa miaka takriban milioni 50, na kuna watu wanaoyachimba kwa leseni na kuuza peupe. Lakini hata huko, katika ardhi ya jimbo, sheria imetenganisha samaki. Wale wa kawaida, kama Knightia, unaweza kuuza. Ukigonga jiwe ukapata kitu adimu, hicho ni mali ya jimbo. Brazil nayo ilitangaza tangu 1942 kwamba visukuku ni mali ya taifa, na hadi leo inapambana na magendo.

Sisi je? Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 iko wazi. Huwezi kuchimbua visukuku bila leseni, huwezi kuvitoa nchini bila kibali, na ukivigundua unafaa kupiga ripoti ndani ya siku 7. Kwa hivyo yule msee anayekuambia mtafute samaki wa mawe Baringo au Turkana mmuuzie mzungu fulani, anakupeleka kortini wala si benki.

Lakini wacha sheria kando. Shida kubwa ni kwamba samaki wa mawe aliyeng'olewa ovyo huwa amepoteza sauti. Fikiria alivyotokea. Samaki alikufa, akazama hadi kwenye matope chini ya ziwa, akafunikwa kabla hajaoza au kuliwa. Matabaka yakajengana juu yake kwa miaka mingi hadi yakawa mwamba. Tabaka lililo juu yake na lile lililo chini ndiyo kalenda yake. Majivu ya volkano yaliyo karibu ndiyo yanayopimwa ili kujua umri wake. Ukimng'oa ukamweka mfukoni bila kuandika alikotoka, umebaki na pambo la mezani.

Huniamini? Sikiliza kisa cha Loperot, kule Turkana. Mwaka wa 1964 mtafiti Mmarekani, James Mead, alipata kisukuku cha nyangumi. Ndiyo, nyangumi, Turkana, mamia ya kilomita kutoka baharini! (Nyangumi si samaki, najua, usiniandikie.) Kisukuku kikapelekwa Marekani, kisha kikapotea. Kilikuja kupatikana 2011, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kilipochunguzwa upya, matokeo yalichapishwa 2015: nyangumi huyo aliishi miaka milioni 17 iliyopita na inaonekana alipanda mto kutoka Bahari Hindi hadi akakwama. Maana yake ni kwamba wakati huo eneo hilo lilikuwa chini, karibu na usawa wa bahari, na ardhi ikainuka baadaye. Mfupa mmoja umetusaidia kujua ni lini nchi yetu ilianza kupanda juu. Sasa hesabu miaka ambayo jibu hilo lilikuwa limelala kabatini ng'ambo. Na huyo alikuwa mikononi mwa wanasayansi. Je, angekuwa kwenye sebule ya tajiri fulani?

Sasa turudi kwa rent. Hapa ndipo ninapoona serikali imelala. Huwezi kumwambia kijana wa Baringo "usiguse, ni turathi ya taifa" halafu taifa lenyewe halimjui. Aliyeona jiwe kwanza anafaa kuandikwa jina. Anafaa kulipwa kwa kuongoza watafiti na kufundishwa kazi ya kusafisha visukuku, isiwe kubeba mizigo pekee. Kabarnet kuna makavazi tayari. Nakala za samaki wa Tugen ziwekwe pale, watoto wa shule wazione bila kupanda matatu hadi Nairobi. Kaunti zitenge pesa za waelekezi wa watalii. Asiyefaidika na mali hatailinda, hata ukimtisha na jela.

Na usidhani kazi hii ni ya wenye digrii peke yao. Kamoya Kimeu, Mkenya aliyegundua mabaki ya Kijana wa Turkana mwaka wa 1984, masomo yake ya darasani yaliishia shule ya msingi. Jicho lake ndilo lililokuwa chuo. Mwaka uliofuata alipewa nishani katika Ikulu ya Marekani. Marjorie Courtenay-Latimer wa Afrika Kusini hakuwa na digrii pia. Mwaka wa 1938 aliona samaki wa ajabu kwa wavuvi, akakataa kumwacha hivi hivi, akamchora na kumtumia mtaalamu mchoro. Alikuwa silakanti, samaki aliyejulikana kwa visukuku tu na kudhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosau. Mwaka wa 2001 mmoja alinaswa hapa kwetu, karibu na Malindi. Mimi mwenyewe chuo niliacha njiani, kwa hivyo elewa kwa nini majina haya mawili nayapenda.

Basi ukiwa matembezini kando ya korongo ukaona magamba au mgongo wa samaki ndani ya jiwe, usichokoe. Piga picha, weka sarafu kando ionyeshe ukubwa, hifadhi eneo kwenye simu, kisha ripoti kwa Makavazi ya Kitaifa. Usitangaze mahali penyewe kwenye mitandao, maana wanunuzi nao wana macho. Ukipewa stakabadhi, itunze. Ukinyimwa, idai, na udai pia jina lako liandikwe.

Samaki huyo amengoja miaka milioni 12. Anaweza kungoja siku 7 zaidi afikiwe na anayejua kumtoa.