Faili Moja au Faili Nyingi?

Hadi mwaka wa 2012, mtumiaji wa Linux aina ya Arch alipanga jina la tarakilishi yake, saa, lugha na huduma za kuanzishwa katika faili moja, rc.conf. Mfumo wa systemd ulipokumbatiwa mwaka huo, kila jambo lilipewa faili yake. Wapo wanaoisikitikia ile faili iliyosomeka kama barua, na kwa hakika ilimfaa mno anayejifunza. Hata hivyo, tarakilishi iliisoma kama programu. Alama moja ya kunukuu iliyosahaulika iliweza kuizuia kuwaka sawasawa. Leo mwanafunzi atakaye tarehe za Kiswahili huiandaa lugha hiyo kwa amri ya locale-gen, kisha huandika LANG=sw_KE katika locale.conf. Akikosea hapo, huharibika lugha tu. Kinachomtatiza ni kuzijua faili zenyewe, na mwongozo wa kuzieleza kwa Kiswahili ni kazi ambayo idara za Kiswahili zingeweza kuianza bila kuwasubiri wahandisi.